Uzi: Bibi alipotoka Vuga akatukuta na Halloween huku Minnesota

Mwana wa Vuga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwaka Oktoba ikifika katikati, humu jukwaani panazuka mjadala uleule. Mtu anauliza kama ni sawa watoto wetu huku Marekani washiriki Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba ambao watoto wanavaa mavazi ya kujigeuza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Nusu ya wachangiaji wanamwambia ni ushetani mtupu, nusu nyingine wanamwambia aache ushamba, na yeye anabaki na watoto wake mlangoni wanaomuuliza mbona jirani kaweka maboga na sisi hatujaweka. Nimewahi kuwa huyo mtu. Leo naleta habari ya mwaka jana, mama yangu mzazi alipokuja kututembelea kutoka Vuga, Lushoto, na siku hiyo ikamkuta nyumbani kwangu. Nitaandika vipande vipande maana natoka kazini usiku. Mnivumilie.

Tunakaa Coon Rapids, kaskazini ya Minneapolis. Ukiufuata mto Mississippi kupanda juu, dakika chache kwa gari unaingia Anoka, mji mdogo unaojiita makao makuu ya Halloween duniani. Jina hilo wana sababu nalo. Zamani vijana wa pale usiku wa tarehe 31 Oktoba walikuwa na vurugu kweli: walifungulia ng'ombe wakazagaa barabara kuu, walipaka sabuni madirisha ya maduka, walipindua vyoo vya nje. Mwaka 1920 wazee wa mji wakaamua kuwaandalia hao hao vijana maandamano na moto mkubwa, wakagawa bisi, karanga na pipi bure. Vurugu zikapungua. Mwaka 1937 wakapeleka ombi Washington ili mji wao utambuliwe kwa jina hilo, na hadi leo mwisho wa Oktoba barabara inafungwa, bendi za shule zinapita, familia nzima zimekaa kwenye viti vya kukunja na mablanketi magotini. Mimi nilipoisikia habari hiyo ya wazee kuwakaribisha watoto watundu kwa karanga, nilianza kuitazama siku hii kwa jicho jingine.

Mama alifika wiki ya kwanza ya Oktoba. Baridi ya Lushoto anaijua, sweta lake alikuja nalo mkononi, lakini ile ya huku alikuwa bado hajaionja. Siku ya tatu tukatoka kutembea mtaani baada ya chai. Miti imegeuka rangi, mekundu na manjano, anaifurahia. Tukapita nyumba ya nne kutoka kwetu, akasimama ghafla, akanishika mkono.

"Mwanangu, hapa wamefiwa?"

Mbele ya ile nyumba palikuwa na makaburi matano ya plastiki, misalaba, na mkono wa mifupa unatokeza kwenye nyasi. Nikamweleza ni mapambo tu. Alinyamaza mpaka tukarudi. Jioni, watoto wakiwa wamelala, akaniambia maneno ambayo sikuyapinga na siyapingi mpaka leo: "Babu yako amelala chini ya migomba pale nyumbani, nikipita napunguza sauti. Maiti si kitu cha kuchezea. Hawa watoto wakizoea kaburi la plastiki, la kweli watalisimamia vipi?"

Nitaendelea kesho, Mungu akipenda.

Baba Tumaini

Mkuu, mama yako kasema kweli, na ungeishia hapo hapo. Hiyo siku asili yake ni ibada za wapagani wa Ulaya waliokuwa wakiamini wafu wanarudi. Hata ukiipaka rangi ya pipi, mzizi ni ule ule. Unawafungulia watoto mlango wa giza. Nakwambia kwa upendo kama ndugu.

Dada wa Dublin

Nimekaa, endelea mkuu. Mimi ni Mkenya, nipo Ireland mwaka wa saba sasa, na huku ndiko inakosemekana ilianzia. Nitachangia ukimaliza.

Mwana wa Vuga

Baba Tumaini, nimekupokea vizuri, na nitakujibu nikisimulia, maana hoja yako mama aliitoa kabla yako.

Kwetu ni Walutheri wa KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na mama ni mzee wa kanisa. Tarehe 31 Oktoba kwake ina jina: Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Akaniuliza itakuwaje siku ya Luther watoto wake wavae pembe. Nikamwambia, mama, Luther mwenyewe zile hoja 95 za kulikosoa kanisa alizitoa Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1517 tarehe hiyo hiyo, na wengi wanasema haikuwa bahati. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kanisa la ngome pale Wittenberg lilikuwa linajaza watu siku hiyo. Hata neno Halloween lenyewe kwa Kiingereza cha zamani maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Sikukuu hiyo Kanisa la Magharibi lilikuwa limeiweka tarehe 1 Novemba tangu karne ya 9. Ni kweli kwamba Waselti wa Ireland na Scotland walikuwa na sherehe yao ya mwisho wa mavuno majira hayo hayo, wakiiita Samhain, na mambo mawili yakachanganyika. Baadaye Waayalandi walipokimbia njaa kuu miaka ya 1845 hadi 1852 walikuja nayo Marekani kwa wingi, na huku ikageuka kuwa sikukuu ya watoto.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mkesha."

Nikasema ndiyo.

"Mkesha una hadithi zake, nyimbo zake na sala zake. Sasa hawa wanakesha nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote tuliyokaa huku nilikuwa nawanunulia watoto mavazi dukani, nawazungusha mitaa miwili, narudi nao, wanamwaga pipi sakafuni wanahesabu, wanalala. Hapakuwa na neno lolote la kwetu ndani yake. Mama aliona hilo kwa siku tatu, mimi sikuwa nimeliona kwa miaka.

Tukakubaliana, mimi, yeye na mama watoto, tukiwa mezani. Makaburi, damu, mifupa na mashetani havitaingia kwenye uwanja wetu. Jumapili ile ya Matengenezo tutakwenda kanisani wote. Boga litachongwa, lakini lazima liliwe pia. Na kabla watoto hawajatoka usiku huo, mama mwenyewe atawasimulia hadithi ya kutisha, ya kwetu. Hilo la mwisho alilitoa yeye. Akasema mtoto kuogopa si vibaya, kibaya ni kuogopa peke yake.

Mtanga

Naomba kuuliza mkuu, sisi ni Waislamu, tuko Columbus, Ohio. Hatushiriki kabisa na sitaki kubadilisha hilo. Lakini watoto wa watu wanagonga kengele mpaka saa mbili usiku, naona vibaya kuwafukuza. Mnafanyaje?

Mwana wa Vuga

Shehe, hilo ni jepesi. Huku taa ya kibaraza ndiyo hodi. Ikiwaka, maana yake karibuni. Ikizimwa, watoto wanapita bila kukasirika, na wazazi wao wanafundisha hivyo tangu wadogo. Zima taa, funga pazia, swali salama. Hakuna jirani atakayekuhesabia kosa. Na kama siku nyingine ungependa kuonyesha ujirani, Idi wapelekee sahani. Watakuja kukusalimia mwaka mzima.

Sasa boga.

Watoto walichagua moja kubwa, la rangi ya chungwa, la kuchonga. Mama akalipiga kwa kiganja kama anavyopima sokoni Soni, akatikisa kichwa: "Hili ni maji matupu." Na ni kweli. Yale makubwa ya kuchonga yamezalishwa yawe na ganda pana na umbo la kusimama, nyama yake ni nyepesi na ina nyuzi, haina utamu. Akazunguka sokoni mpaka akaona vidogo vizito, wanavyopikia keki za maboga, akachukua viwili. Hivyo ndivyo tulivyokula.

Kwa ambao hawajawahi kuchonga, nieleze tulivyofanya maana mwaka wa kwanza niliharibu mawili. Kata kifuniko juu ukizungusha kikonyo, lakini kisu kielekeze ndani kwa mshazari, siyo wima, vinginevyo kifuniko kitatumbukia. Tumia kisu chembamba chenye meno. Toa mbegu na nyuzi zote kwa mkono, halafu kwangua kwa kijiko kikubwa upande wa uso mpaka ubakie unene wa sentimita mbili hivi, ndipo macho na mdomo vikatike bila kugombana na kisu. Chora kwanza kwa kalamu. Kisu ashike mtu mzima. Mtoto mdogo ndiye apewe kazi ya mbegu, na hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Usichonge mapema, likishakatwa ndani ya wiki linaanza kuota ukungu, na kindi wakilinusa wanatafuna uso wote. Ndani tuliweka taa ya betri, siyo mshumaa, kwa sababu watoto hupita karibu na mavazi yanayoburuza.

Nyama yote iliyokwanguliwa mama aliikusanya kwenye bakuli. Hakuna kilichotupwa. Ile ya boga kubwa akaichanganya kwenye unga wa maandazi, vile vidogo akavichemsha kwa tui la nazi, iliki, sukari kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mbegu tulizichemsha dakika kumi kwenye maji ya chumvi, tukazikausha kwa taulo, tukazichoma kwenye oveni mpaka zikawa na rangi ya dhahabu. Kilichomsikitisha ni majani. Alitaka majani ya maboga apike kwa karanga, nikamwambia baridi ya usiku imeshaunguza mashamba yote. Akaangalia lile boga, akasema, "Maskini, mmelileta bila nguo zake."

Mbegu chache nzuri akazikausha dirishani, akazifunga kwenye karatasi. Nitazirudia.

Shangazi wa Lubumbashi

Mimi niko Liège, Ubelgiji, nimezaliwa Lubumbashi. Hiyo ya bibi kukataa kaburi la plastiki imenigusa sana. Kwetu Kongo tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, na asubuhi tunaenda makaburini kufagia, kung'oa majani, kupaka chokaa, halafu mchana ndiyo tunakula pamoja na wazazi walio hai. Huku Ubelgiji nimekuta tarehe 1 Novemba watu wanapeleka maua ya krisanthemamu makaburini, mji mzima unanuka yale maua. Watoto wangu wanavaa mavazi tarehe 31, lakini kesho yake tunawasha mshumaa mbele ya picha ya baba yangu na kila mtoto anasema jambo moja analolijua juu yake. Mdogo hakumkuta. Anasema lile aliloambiwa na dada yake mwaka uliopita. Hiyo ndiyo Halloween yetu.

Mwana wa Vuga

Shangazi, hilo la mshumaa nalichukua. Mwaka huu tutafanya kwa ajili ya babu yao. Ahsante.

Naleta sasa usiku wenyewe. Jua huku tarehe 31 Oktoba linazama saa kumi na mbili jioni, saa bado hazijarudishwa nyuma, hilo hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mkubwa wangu wa miaka 9 alikuwa zimamoto. Mdogo, wa kike, miaka 5, alikuwa kipepeo, na juu ya mabawa koti zito, akalia kidogo kwamba mabawa hayaonekani. Mama watoto akayatoa mabawa akayavalisha juu ya koti. Kila mzazi wa Minnesota anaijua hiyo kazi: vazi linunuliwe kubwa, koti liingie ndani.

Saa kumi na moja na nusu tukazima taa zote za sebuleni. Likabaki boga tu, linawaka mezani, vivuli vya meno yake vimepanda ukutani. Mama akakaa kwenye mkeka, khanga begani, wajukuu miguuni.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akawasimulia hadithi ya Usambara ambayo mimi nilisimuliwa na bibi yangu nikiwa na umri wa yule mdogo, na nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka alipofungua kinywa. Watoto wa kiume walikuwa wanacheza, wakaona boga porini. Wakasema, "Tazameni lile boga linavyokua!" Boga likajibu, "Ukinichuma, nami nitakuchuma." Wakakimbia nyumbani, mama yao akasema ni waongo. Dada zao wakataka kuonyeshwa, wakaenda, wakasema maneno yale yale, boga likanyamaza kimya. Wakawacheka kaka zao. Wale wavulana wakarudi tena peke yao, nalo likasema tena. Likaendelea kukua, likawa kama nyumba. Likaanza kumeza watu. Likameza kijiji chote, akabaki mwanamke mmoja, kisha likaingia ziwani likazama.

Hapo mama alishusha sauti, na mdogo wangu akajisogeza mpaka akawa ndani ya khanga ya bibi yake. Macho yote kwenye boga la mezani. Kusema kweli hata mimi niliangalia.

Yule mwanamke alikuwa na mimba, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto akakua, akauliza, "Baba yuko wapi?" Akaambiwa, "Alimezwa na boga, nalo limo ziwani." Akaondoka. Akafika ziwa la kwanza akaita, "Boga, toka! Boga, toka!" Kimya. Akaenda ziwa jingine, akaita. Likatoka kumfukuza. Akachukua mishale, akalichoma, mmoja, wa pili, wa tatu, watoto wangu wakahesabu naye kwa sauti mpaka wa kumi. Likanguruma wakati linakufa, na mngurumo ule ukasikika mpaka Vuga.

"Mpaka kwako, Bibi?" mkubwa akauliza.

"Mpaka kwangu."

Akalipasua kwa kisu, watu wote wakatoka wazima, wakamfanya mkuu wao.

Wakuu, nimeangalia sinema nyingi za kutisha. Sijawahi kuona watoto wangu wakiogopa kwa namna ile, wakiwa wameshikwa mkono, wakijua mwisho watu watatoka wazima. Baba Tumaini, hapa ndipo jibu langu kwako lilipo. Giza watoto watakutana nalo tu, shuleni, kwenye simu, kwenye nyumba za wenzao. Mimi napenda walijue kwanza kutoka kwa bibi yao, kwa lugha yao, penye mkeka.

Baba Tumaini

Nimesoma mpaka mwisho. Bado sitashiriki, dhamiri yangu hainiruhusu. Lakini hadithi ya boga nitawasimulia wanangu. Bibi apewe salamu zangu.

Dada wa Dublin

Mpaka Vuga! Nimesisimka.

Basi nichangie kidogo. Huku Ireland Jumatatu ya mwisho ya Oktoba ni mapumziko na shule zinafungwa wiki nzima, kwa hiyo ni siku ya familia hasa. Zamani hawakuchonga maboga, walichonga tanipu, ule mzizi mgumu kama figili nene. Jumba la makumbusho la taifa lina nakala ya tanipu la zamani la kuchongwa, na sura yake inatisha kuliko boga lolote. Nyumbani tunakula barmbrack, mkate mtamu wa zabibu kavu, ndani yake wanaficha pete. Anayeipata wanasema ataolewa. Mama mkwe wangu Mwayalandi anauoka mwenyewe, na mwaka jana pete ilimwangukia binti yangu wa miaka 6, akalia akisema hataki kuolewa kabla hajamaliza darasa la kwanza. Ilibidi babu yake ainunue ile pete kwa chokoleti mbili.

Mama Wawili Dallas

Mwana wa Vuga, hongera kwa uzi. Mimi ninaogopa hizo pipi zenyewe. Nilisikia watu wanatia sumu. Mnazikaguaje?

Mwana wa Vuga

Dada, hofu hiyo ni ya miaka mingi na hata sisi tulikuwa nayo. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Joel Best, aliyezifuatilia habari hizo tangu mwaka 1958, na hakukuta mtoto aliyeuawa na pipi ya mtu asiyemjua aliyekuwa akigawa mlangoni. Kisa kinachotajwa sana ni cha Texas mwaka 1974, na aliyemuua yule mtoto alikuwa baba yake mzazi. Zitazame tu, iliyofunguka itupe.

Hatari ya kweli ni magari. Utafiti wa Marekani uliotumia takwimu za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016, uliona kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween inazidi ya jioni nyingine za karibu kwa asilimia 43, na kwa watoto wadogo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo bandika utepe unaong'aa mgongoni, mpe tochi, kinyago kisizibe macho, na vuka nao kwenye kona, siyo katikati ya magari yaliyoegeshwa.

Jambo jingine kwa sisi Waswahili: mama alitaka kugawa kashata na karanga za kukaanga. Ilinibidi nimzuie, na iliniuma. Wazazi huku hawapokei kitu cha nyumbani kutoka kwa asiyewajua, na karanga zinaweza kumpeleka mtoto hospitali. Ukiona boga limepakwa rangi ya bluu inayoelekea kijani, ujue nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa ajili ya watoto wenye mzio. Tuliweka na sisi bakuli la pili, penseli na vibandiko.

Mama ndiye aliyebaki mlangoni na mabakuli. Mtoto anagonga, anatamka lile neno lao la nipe au nikuchezee, mama anafungua mikono: "Karibuni, karibuni wanangu!" Hajui Kiingereza cha kutosha, wao hawajui Kiswahili, na kwa saa mbili hapakuwa na aliyekosa kuelewa. Baba wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, tuliyepungiana mikono miaka minne bila kujuana jina, alipanda kibarazani akasimama kuongea. Jirani mwingine, mzee, akamsimulia mama, mimi nikitafsiri, habari ya tufani ya theluji ya mwaka 1991: ilianza mchana wa Halloween, ikaisha tarehe 3 Novemba, ikaacha sentimita 72 hapa mijini na 94 kule Duluth, na watoto walitoka hivyo hivyo. Mama akasema, "Kumbe hawa watu wanapiga hodi. Kwa nini wanapiga mara moja tu kwa mwaka?"

Swali hilo linanikaa kichwani.

Sasa mimi nikiwa mtaani na watoto, nyumba ya sita, palikuwa na sanamu limekaa kwenye kiti, kinyago cha zimwi, bakuli la pipi mapajani. Kipepeo wangu akanyoosha mkono. Sanamu likasimama. Alikuwa mtu. Mtoto alipiga kelele ambayo sitaisahau, akaangusha mfuko, akakimbilia barabarani, nikamdaka ukingoni. Yule jirani alivua kinyago papo hapo, akapiga magoti kwenye nyasi, akaomba radhi mara nyingi. Lakini mtoto hakutaka hata kumtazama. Tukarudi nyumbani.

Mama akampokea, akamfuta machozi, akauliza, "Lilikuwa boga?"

"Hapana. Mtu."

"Mtu mwenye jina?"

"Sijui."

"Umemsalimia?"

Mtoto akatikisa kichwa. Mama akavaa koti langu, akajifunga khanga kichwani, akamshika mkono. Tukarudi wote, gizani, mpaka nyumba ya sita. Yule bwana alikuwa bado kibarazani, kinyago kimewekwa chini. Mama akamwambia mjukuu wake, "Msalimie mkubwa wako." Na mdogo wangu, kwa sauti ya kukwama, akasema, "Shikamoo."

Bwana akanitazama. Nikamwambia jibu lake ni marahaba. Akalijaribu mara tatu mpaka likanyooka. Kisha akampa kinyago akishike, akageuze ndani, aone kamba na sifongo lenye jasho. Mtoto akakivaa yeye, akamtisha bibi yake. Bibi akaogopa vizuri sana.

Njiani mama akasema tu, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Mkubwa akauliza maana yake, wakaenda wanabishana mpaka mlangoni.

Mtanga

Hiyo ya marahaba nimeisoma mara mbili, nikaenda kumsomea mke wangu.

Mama Wawili Dallas

Na huyo jirani mko naye vipi sasa?

Mwana wa Vuga

Dada, anamwona binti yangu kwenye kituo cha basi la shule, anatangulia yeye kusema marahaba kabla hajasalimiwa. Nimeacha kumrekebisha.

Mama alirudi Tanzania mwezi wa tatu. Zile mbegu alizofunga kwenye karatasi aliniachia juu ya friji. Huku huwezi kupanda nje kabla ya katikati ya Mei, theluji inaweza kurudi, kwa hiyo tuliziotesha kwenye vikombe dirishani, tukazihamishia nyuma ya nyumba baridi ilipoisha. Julai tulikula majani, kwa karanga, kama alivyotaka. Nilimpigia kwa video nikamwonyesha sufuria, akataka nisogeze simu karibu aone kama nimetoa nyuzi za mashina. Nilikuwa sijazitoa.

Likatoka boga moja tu la maana. Halifanani na mama yake, ni la kijani lenye michirizi, limekaa upande. Kila asubuhi tangu Agosti watoto wanakwenda kusimama mbele yake kabla ya shule, wanasema kwa pamoja, "Tazama lile boga linavyokua," halafu wananyamaza kusikiliza. Mdogo anaweka na sikio. Juzi alimpigia bibi yake kulalamika kwamba halijajibu hata siku moja.

"Hilo limezaliwa huko," mama akamwambia. "Kiswahili halijajua. Endeleeni kuliamkia."

Kesho kutwa ndiyo tunalikata. Mkubwa amesema atashika kisu mimi nikiwa pembeni. Mdogo amesema yeye atasimama mlangoni, na taa ya kibaraza iwashwe.